Kisa cha bafu la ghorofani: malalamiko matatu, mteremko mmoja

Bafu lenyewe ni dogo: urefu mita 2.4, upana mita 1.8. Mlango uko upande mmoja mfupi, shawa upande wa pili, choo cha kukaa na sinki vikitazamana katikati. Liko ghorofa ya juu, na chini yake ni jiko. Wenye nyumba, mke na mume, walikuwa na malalamiko matatu waliyoyataja kana kwamba hayajuani. Dari ya jiko ilikuwa na doa la njano lililozidi kupanuka. Sakafu ya bafu ilikuwa inateleza, na mama mzazi wa mume, mwenye magoti mabovu, alikuwa anahamia kwao. Tena bafu lilinuka mfereji, hata likiwa limetoka kusuguliwa.

Dawa waliyoiandaa ilikuwa moja: kubadilisha vigae. Sampuli ya mume ilikwisha kuegemezwa ukutani, poseleni ya kijivu ya sentimita 60 kwa 60, inayong'aa hadi unajiona sura. Mke alikuwa na yake, jiwe jeupe la marumaru. Walikuwa pia na makadirio ya mafundi wawili. Wa kwanza alisema vigae vipya vibandikwe juu ya vya zamani, hakuna kubomoa wala vumbi. Wa pili alisema kila kitu kivunjwe mpaka kwenye zege, ila alipoulizwa sababu alijibu kwamba ndivyo anavyofanya siku zote. Nililoitiwa ni kuamua nani kati yao yuko sahihi. Haikuwezekana kuamua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepima chochote zaidi ya ukubwa wa chumba.

Doa la dari chini ya bafu linaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya vitatu. Bomba la kuleta maji likitoboka huvuja usiku na mchana, watu wawepo wasiwepo. Bomba la kutolea maji machafu huvuja pale tu maji yanapopita ndani yake. Sakafu nayo huvuja ikilowa. Ukianza kubomoa kabla ya kujua ni kipi, unabahatisha kwa nyundo. Kwa hiyo kila bomba ndani ya nyumba lilifungwa, tangi la choo likaachwa lijae, na mshale wa mita ya maji ukaangaliwa kwa muda. Haukucheza. Mabomba ya kuleta maji yakaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kisha mpira wa maji ukaingizwa ndani ya tundu la shawa, mdomo wake ukiwa chini ya usawa wa sakafu, maji mengi yakapitishwa bila kulowesha kigae hata kimoja. Doa halikubadilika. Mwisho tundu likazibwa, shawa ikazungushiwa tuta la mifuko ya mchanga, na sakafu ikawekewa maji ya kina cha vidole viwili. Kulipokucha, ukingo wa doa ulikuwa mbichi. Mabomba yalikuwa mazima. Kilichokuwa kikivuja ni sakafu.

Wenye nyumba walishangaa, kwa sababu grauti yao, ile saruji inayojaza mianya kati ya vigae, ilionekana imara, haina ufa. Lakini grauti ya saruji haizuii maji, huyachelewesha tu. Maji hupenya taratibu na kulowesha lipu, yaani tabaka la mchanga na saruji lililo chini ya vigae, na kama chini ya lipu hiyo hakuna utando wa kuzuia maji, yataendelea kushuka hadi yapate tobo. Tobo la karibu lilikuwa pale zege lilipotobolewa kupitisha shingo ya tundu la shawa.

Kilichobaki kilisemwa na pimamaji. Sakafu ilikuwa na mteremko, ila ulielekea kusikotakiwa. Kona ya kushoto ya shawa ilikuwa chini ya tundu kwa milimita 6, hivyo kila baada ya mtu kuoga dimbwi lilibaki pale hadi likauke au linywewe na sakafu. Maji ya sabuni yakikaa juu ya kigae kinachong'aa huacha utelezi usioonekana. Hapo ndipo watu walipokuwa wakiteleza, na wala hawakuteleza karibu na mlango. Harufu nayo ikajieleza yenyewe. Kulikuwa na tundu la pili sakafuni, nyuma ya choo, na sehemu hiyo ilikuwa imeinuka kuliko pengine pote. Mtego wa maji, ule mkunjo wa bomba ulio chini ya tundu, huzuia hewa ya mfereji kwa kina kidogo cha maji, mara nyingi kama milimita 50. Tundu lisilopata maji, mtego wake hukauka, na hewa ya mfereji hupanda bila kipingamizi. Tulimwaga jagi moja la maji humo, na kesho yake harufu haikuwepo.

Basi doa, utelezi na harufu vilikuwa na mzizi mmoja: maji yalitumwa mahali pasipo pake. Kigae kipya, hata kiwe cha namna gani, kisingeyageuza njia.

Hapo pendekezo la fundi wa kwanza likaanguka, ingawa si kwa sababu walizozitegemea wenye nyumba. Kubandika kigae juu ya kigae si kosa kila mara. Vigae vya chini vikiwa vimeshika vizuri, mteremko ukiwa sawa na kimo kikiruhusu, kuna gundi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na utando unaweza kupakwa katikati. Hapa mteremko ulikuwa mbovu, na ukifunika mteremko mbovu kwa tabaka la unene uleule, unapata mteremko uleule ukiwa juu zaidi. Vigae kadhaa vya shawa vililia vitupu vilipogongwa kwa mpini wa bisibisi. Halafu kuna hesabu ya kimo. Kutoka juu ya zege, sakafu ya zamani mlangoni ilikuwa milimita 65, na korido nje milimita 80. Kigae kipya cha milimita 10 na gundi ya 5 kingeifikisha sakafu ya bafu kwenye 80 kamili. Siku tundu litakapoziba, maji yangetoka kwenda koridoni bila hata kujikwaa. Mlango nao, unaofungukia ndani, ungelazimika kukatwa chini.

Fundi wa pili, kwa maneno mengine, alikuwa sahihi bila kujua kwa nini, na hilo lina gharama yake: alikuwa amepanga kuvunja yote kisha kurudisha sakafu tambarare, akiamini kwamba mteremko utapatikana kwenye gundi wakati wa kubandika. Gundi ya vigae haifanyi kazi hiyo. Ikiwekwa nene sehemu moja na nyembamba nyingine, husinyaa bila ulinganifu na kigae hukaa kikiwa kimeinama. Mteremko hutengenezwa kwenye lipu, na utando hupakwa juu ya mteremko uliokamilika.

Sasa vigae. Ubishi wa mume na mke ulikuwa juu ya rangi na jiwe; ubishi wenye maana ulikuwa juu ya ukubwa. Tundu la duara huvuta maji kutoka pande zote, na sakafu inayolizunguka lazima iiname kama sahani. Kigae cha sentimita 60 hakikunjiki. Ukikilaza juu ya mteremko wa namna hiyo, kona moja itainuka na nyingine itazama, au utalazimika kukikata kimshazari kutoka tundu hadi kwenye kona. Wapo wanaoipenda mikato hiyo. Mimi huona inafanya bafu dogo lionekane limepasuka. Njia mbili zilibaki. Moja ni kuweka mfereji mrefu mwembamba kando ya ukuta wa nyuma, ili sakafu yote iiname upande mmoja tu. Hapo hata kigae kikubwa hulala bila shida. Nyingine ni kutumia vigae vidogo ndani ya shawa, vya sentimita 5 kwa 5 vilivyobandikwa kwenye wavu, ambavyo hufuata mkunjo wowote. Mfereji mrefu ungehitaji kuchimba slabu ili kusogeza bomba, na sakafu ya ghorofa si mahali pa kuchimba bila kujua nondo zimepita wapi. Mhandisi hakuwepo kwenye bajeti. Vigae vidogo vikashinda.

Vilishinda pia kwa ajili ya mama mzazi wa mume. Vigae vidogo vina mistari mingi ya grauti, na nyayo hushika kwenye mistari hiyo. Muuzaji alikuwa amewaonyesha alama ya R10 na kuwaambia kigae hakitelezi. Namba hizo, kuanzia R9 hadi R13, zinatokana na kipimo cha Kijerumani cha DIN 51130, ambapo mtu hutembea amevaa viatu vya kazi juu ya ubao uliopakwa mafuta. Ni kipimo kizuri kwa karakana. Kwa miguu mitupu kuna kingine, DIN 51097: ubao hulowekwa kwa maji ya sabuni na kuinuliwa polepole hadi anayetembea aanze kuteleza. Daraja A huanzia nyuzi 12, B nyuzi 18, C nyuzi 24. Kwa shawa niliomba B. C ingeshika zaidi, lakini uso wake ni mkwaruzo, hushika uchafu wa sabuni na humchosha anayesugua. Kigae chenye alama nzuri kisichosafishika kitateleza baada ya mwaka kwa sababu ya uchafu wenyewe.

Poseleni ilibaki chaguo la bafu zima, ila isiyong'aa. Hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali vigae vingi vya ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10. Kwa sababu hiyo, na kwa udhaifu wake, kigae cha ukutani hakishushwi sakafuni hata kikiwa kimebaki bure. Marumaru ya mke iliniuma kuikataa, maana ni jiwe zuri. Lakini ni jiwe la jamii ya chokaa. Siki, limau na dawa nyingi za kusafishia choo huila na kuacha mabaka yaliyofifia, na marumaru nyeupe yenye chembe za chuma ikikaa na unyevu hugeuka rangi. Nani atakayemkumbusha mgeni asiguse dawa ya choo? Sakafu ya lamineti haikustahili mjadala: ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ukinywa maji huvimba na haurudi. Vinyli yenyewe hainywi maji, ila hapa shawa iko wazi na maji yangetafuta ukingo. Tarazo ningeipenda kuliko vyote, kwa kuwa humwagwa ikafuata mteremko bila kiungo. Shida ni kusaga: tope lake kwenye ghorofa, juu ya jiko linalotumika, si mzaha.

Mpango ukaandikwa kwa kuanzia kwenye tundu kurudi mlangoni, kinyume na wengi wanavyofanya. Vigae na lipu ya zamani vilivunjwa hadi kwenye zege. Kwenye tundu: lipu milimita 25, utando 1, gundi 4, kigae kidogo 6, uso wa sakafu ukawa milimita 36 juu ya zege. Sehemu ya shawa, sentimita 90, ilipewa mteremko wa milimita 20 kwa kila mita, yaani milimita 18. Sehemu kavu, mita moja na nusu, ilipewa nusu ya huo, milimita 10 kwa kila mita, yaani milimita 15. Inatosha kurudisha matone bila mtu kuhisi amesimama kilimani wala kabati kuyumba. Mlangoni uso ukafika 69, milimita 11 chini ya korido. Hakukuwa na tuta kati ya sehemu kavu na shawa, kwa kuwa mama asiyeweza kuinua goti vizuri hujikwaa kwenye tuta kabla hajateleza kwenye kigae. Jambo dogo lililokaribia kusahaulika: vigae vya sehemu kavu, vya sentimita 30 kwa 60, vilikuwa na unene wa milimita 10, na vile vidogo 6. Lipu ya shawa ilitakiwa kubaki juu kwa milimita 4 kwenye mpaka, la sivyo nyuso mbili zisingekutana.

Vishikio vya ukutani viliamuliwa siku hiyo hiyo. Ukuta wa shawa ulikuwa wa tofali imara, lakini ule wa choo ulikuwa wa mbao na bodi, kwa hiyo bodi ilifunguliwa na ubao mnene ukaongezwa ndani pale mkono utakaposhika. Kishikio kilichofungwa kwenye bodi tupu hung'oka siku mtu anapokihitaji.

Kazi ilikaribia kuharibika kwenye ratiba. Mama alikuwa na tarehe yake ya kuhamia, na mume akataka vigae vibandikwe mara lipu itakapokuwa ngumu kukanyagika. Ngumu si kavu. Kanuni ya mafundi ni kwamba lipu ya saruji hukauka kwa takriban milimita moja kwa siku, na hii ilikuwa na zaidi ya milimita 50 mlangoni. Utando wa aina ya rangi, uliotengenezwa kwa mpira au plastiki, ukipakwa juu ya unyevu huo hutoka malengelenge. Badala ya kubishana, tulibadilisha bidhaa. Zipo tando zenye saruji ndani yake, huchanganywa unga na maji maalumu yake, ambazo hukubali sakafu yenye unyevunyevu na hata hutaka iloweshwe kidogo kabla ya kupakwa. Lipu ikaachwa ipate nguvu, ikimwagiwa maji siku za mwanzo isipasuke, kisha utando ukapakwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Kwenye kona kati ya sakafu na ukuta uliwekwa mkanda wa kitambaa kabla ya mkono wa kwanza, kwa maana kona hucheza na utando mtupu huchanika hapo. Utando ulipanda sentimita 15 kwenye kuta za sehemu kavu, na hadi kimo cha mita mbili kwenye shawa. Kwenye tundu uliingizwa ndani ya kola yake. Bila kiungo hicho kazi yote ingekuwa ndoo iliyotobolewa chini.

Kisha likaja jaribio ambalo mafundi wengi hulikwepa: kuziba tundu, kujaza maji, kuchora alama ya penseli ukutani na kusubiri saa 24. Mara ya kwanza maji yalishuka chini ya alama. Mume akawa tayari kung'oa utando. Lakini dari ya jiko ilikuwa kavu, na maji yanayoshuka bila kulowesha dari yameingia mahali pengine. Kizibo kilikuwa cha matambara, na maji yalikuwa yakijipenyeza humo kwenda kwenye bomba. Kiliwekwa kizibo cha mpira wa kukaza, jaribio likarudiwa, maji yakabaki palepale kwenye alama. Gharama ya jaribio hili ni siku moja. Bila jaribio, mvujo hujulikana vigae vikishakuwa juu.

Ubandikaji sina mengi ya kuusimulia. Gundi ilitandazwa kwa mwiko wa meno, mistari yote ikielekea upande mmoja, na mgongo wa kila kigae kikubwa ukapakwa pia. Kwenye maeneo ya maji inatakiwa gundi ishike asilimia 95 ya mgongo wa kigae. Tuliinua kimoja baada ya vichache kuhakiki. Fundi alizoea kuweka madonge matano, manne ya kona na moja la katikati. Madonge huacha mapango, na mapango hujaa maji. Vigae vilinunuliwa kwa nyongeza ya asilimia 10, maboksi yote yakiwa na namba moja ya uzalishaji, kwa sababu kijivu cha mzigo mmoja hakifanani na cha mwingine. Tulifikiria grauti ya epoksi kwa ajili ya shawa, isiyonyonya maji, lakini fundi hakuwahi kuitumia, na epoksi iliyokaukia juu ya kigae kwa mkono mgeni haitoki. Ilitumika ya saruji iliyoongezwa polima. Kona zote ziliachwa bila grauti zikajazwa silikoni, ambayo itabidi ikatwe na kuwekwa upya ikianza kung'oka au kuota ukungu. Sampuli inayong'aa ya mume ilipanda ukutani, ambako hakuna anayeikanyaga.

Suala moja halikuisha kwa makubaliano. Niliomba tundu la nyuma ya choo lizibwe kabisa chini ya utando, kwa kuwa sakafu mpya inapeleka maji yote kwenye shawa. Fundi bomba alipinga hadi mwisho. Hoja yake ni nzito: tundu la shawa likiziba kwa nywele huku bomba la choo limepasuka, maji hayatakuwa na pa kwenda ila mlangoni, na milimita 11 si nyingi. Angeliacha tundu, akaelekeza mteremko mdogo kwake, na kumwambia mwenye nyumba alimwagie maji kila wiki. Nilimjibu kwamba tundu la pili ni tobo la pili kwenye utando, na kwamba harufu ilianzia kwenye kazi ndogo kama hiyo ambayo hakuna aliyekumbuka kuifanya. Mke ndiye aliyekata shauri: lizibwe, ila valvu ya kufunga maji ya choo iwekwe mahali pa kufikika bila kuinama, na chujio la tundu la shawa liwe la kung'oleka kwa mkono.